Alitoka Mkubwa, Amerudi Mdogo

Machi 4

Kuna jambo nimelificha tangu mwaka aliofariki mke wangu Angetile. Kaka yake, shemeji yangu Zebedayo, alinitegea kitendawili tukiwa bado kwenye msiba, na kabla ya juma kwisha nikamwambia nimekijua. Sikuwa nimekijua. Hadi leo sikijui.

Ni jambo dogo la kuungama kwa mzee anayejiandaa kufa, najua. Wenzangu wanaungama watoto wa nje na mipaka ya mashamba iliyosogezwa. Lakini daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba moyo wangu umepanuka, na kwamba huenda masika haya yakawa ya mwisho. Nilimshukuru. Nimefundisha hisabati chuo cha ualimu muda mrefu wa maisha yangu, na nampenda mtu anayetoa jibu kwanza, maelezo baadaye. Sasa nataka nami niwe na jibu. Sitaki kuzikwa huku Zebedayo akiamini kuwa tulielewana.

Kitendawili chenyewe ni hiki: Alitoka mkubwa, amerudi mdogo.

Machi 5

Mvua tangu asubuhi. Miguu imevimba, viatu vimegoma.

Machi 8

Niandike kuhusu Zebedayo, maana kitendawili hakitenganishwi na mtegaji wake.

Alikuwa karani wa forodha Kasumulu hadi alipostaafu, na nyumba yake iko huko huko, karibu na mto Songwe. Tulianza kutegeana vitendawili nilipokwenda kumchumbia dada yake. Yeye alisema hawezi kumpa dada mtu aliyesoma vitabu tu. Alinisimamisha uani, akaniambia: nimesimama bila kusogea, mguu mmoja umeshakula chakula cha mchana, mwingine bado. Nilikaa nacho mpaka mpunga ukaanza kuchanua. Nilitafuta mnyama, kwa sababu nilisikia neno mguu. Nikatafuta mgonjwa. Nikatafuta mti. Siku moja nikavuka mpaka kwenda Karonga kununua kitabu, nikiwa katikati ya daraja la Songwe nikaitazama saa yangu, nikakumbuka kwamba wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikacheka peke yangu hadi askari akaniuliza nimebeba nini.

Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Jibu halikuwa mbali, nilikuwa nalipita. Kilichonizuia ni neno moja nililolishika mapema mno, nikakataa kuliachia.

Kanuni ya mchezo wetu ni ile ya watu wote. Ukikijua, unalitamka jibu hapo hapo mbele za watu. Ukishindwa, unatoa mji, na mtegaji anajifanya amekwenda huko, anasimulia alivyopokewa na alichokula, na mwishoni ndipo anatoa jibu. Zebedayo hakupenda miji midogo. Nikimpa kijiji chetu Ikolo anasema Ikolo ameshashiba, nimpe Mbeya.

Ila mwaka ule wa msiba sikutamka jibu wala sikutoa mji. Nilimwambia, "Nimekijua," kisha nikamuuliza mpunga wao umefikia wapi. Tangu hapo hajaketi kwenye kiti cha nyumba hii. Salamu hutuma. Miguu haleti.

Machi 9

Mvua. Binti yangu Neema ameleta usipa wabichi kutoka ziwani. Nilikula kidogo.

Machi 14

Leo nyumba imepata mtu. Maji ya Songwe yameingia sebuleni kwa Zebedayo, na mjukuu wake wa kike Lusungu, aliyeanza kidato cha kwanza, hawezi kwenda shule akiwa amekanyaga tope hadi magotini. Neema, anayenitunza na kuuza vitenge Bondeni, alipanga na mjomba wake bila kuniuliza kwamba mtoto akae hapa Ikolo mpaka maji yapungue.

Zebedayo alimleta mwenyewe kwa bajaji. Hakushuka. Nilimwona kupitia dirishani, kofia yake ile ya forodha kichwani, ameshika chuma cha bajaji kana kwamba inakwenda mbio. Nilimtuma Neema akampe salamu ya kwetu, "Ugonile." Akajibu, "Ndaga," yaani asante, kwa Neema, si kwangu. Dereva akageuza.

Nilimwambia Neema mtoto alale chumba cha mwanangu Godwin, mpaka mwenyewe atakaporudi kutoka Afrika Kusini. Neema aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha njia kilichofutika maandishi. Kisha akaenda kutandika.

Machi 20

Nimerudi kwenye kazi yangu. Alitoka mkubwa, amerudi mdogo.

Kwanza sabuni. Inakwenda mtoni kipande kizima, inarudi kama kucha. Inafaa, na ndiyo maana naikataa. Jibu la kwanza kuja ni kama mgeni wa kwanza kufika kwenye sherehe: mara nyingi hakualikwa, ana njaa tu.

Chaki. Naipenda kwa sababu ya ualimu wangu, lakini kulipenda jibu si hoja.

Kakao. Tunda linatoka shambani kubwa kama kichwa cha mtoto, linarudi ghalani punje kavu. Hili nililizunguka siku mbili. Kivuli pia: asubuhi kinatoka kirefu, adhuhuri kinarudi miguuni. Zuri, lakini jioni kinaharibu kila kitu kwa kurefuka tena.

Kinachonisumbua ni hiki. Majibu yote haya ni sahihi kwa maneno, na hakuna hata moja lililo sahihi kwa siku ile. Zebedayo hawezi kumzika dada yake halafu aje aniulize habari za sabuni. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia wasome swali mara tatu. Sikuwahi kuwaambia wamsome anayeuliza.

Machi 22

Lusungu amegundua kwamba napenda vitendawili. Leo aliporudi shule alisimama mlangoni, bado ana mfuko mgongoni, akatega kimoja.

"Kitendawili."

"Tega."

"Ana miguu mitatu, lakini si mzee na hana mkongojo."

Nilifikiri kigoda, nikafikiri mafiga. Akanitaka mji. Nikampa Ikolo. Akasema Ikolo anakaa, haendi, nimpe Mbeya. Nilistuka, kisha nikakumbuka amelelewa na nani. Nikampa Mbeya, akala kuku na chipsi, akapokewa na dada wawili wenye mawigi, ndipo akasema: bajaji.

Nilimuuliza ametunga mwenyewe? Ndiyo. Alikitungaje? Akafikiri, akasema aliiangalia bajaji mpaka ikaacha kuwa bajaji. Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nilisoma vitabu vingi juu ya jinsi akili inavyotunga mambo mapya, na sikumbuki kimoja kilichosema hivyo kwa ufupi.

Nami nikamtegea kimoja: wamelala wote kitanda kimoja, mashuka meupe, wameamka weusi. Hakukawia. Alikuwa amesaidia kufunika kakao kwa majani ya migomba kabla ya kwenda shule.

Machi 23

Anakula polepole sana, mtoto huyu. Sikutaka kumtazama.

Aprili 3

Tabibu Kasian alipita kunipima. Ni kijana wa Bukoba, ameletwa huku na serikali, anasema mvua ya kwao ina adabu, hunyesha ikamaliza. Alinisikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaongeza dawa ya kupunguza maji mwilini.

Kubadili mazungumzo nikamtegea kitendawili cha Zebedayo. Akaangalia mlango, akashusha sauti, akasema kwao jibu ni mgombea aliyeshindwa uchaguzi. Tulicheka mpaka Neema akaja kuona kama ni mimi ninayekohoa.

Lakini baada ya yeye kuondoka nililifikiria jibu lake kwa heshima. Yeye peke yake hakutafuta kitu. Alitafuta mtu. Mimi miezi na miaka nimetafuta sabuni, chaki, mwezi, mto, jiwe la kunolea. Kwa nini sikujaribu mtu? Kitendawili kimesema "alitoka". Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo.

Nitalifikiria kesho.

Aprili 4

Sikulifikiria.

Aprili 9

Njia ya kwenda barabara kuu imekatika. Mpunga umesimama ndani ya maji hadi kiunoni, lakini Neema anasema hautaoza kama jua likitoka ndani ya wiki mbili. Ng'ambo ya ziwa milima haionekani kabisa. Ni kama mtu ameifuta ubaoni.

Lusungu hajaenda shule. Anasoma kitabu cha biolojia kwa sauti ili nami nijifunze.

Aprili 17

Naandika kwa taabu. Siku ya Jumatano nilianguka kati ya kitanda na mlango. Sikusikia maumivu, nilisikia tu kama mtu amevuta mkeka niliosimama juu yake. Nilipofumbua macho Lusungu alikuwa amekiweka kichwa changu kwenye mapaja yake na ananitaja kwa jina langu lote, Andongwisye, Andongwisye, bila babu wala mwalimu, kwa sauti ya mtu anayemwita ng'ombe arudi.

Kasian alifika akiwa amevua viatu, suruali imekunjwa. Alinichoma sindano. Akamwambia Neema kando, lakini masikio yangu ndiyo kiungo pekee kisichozeeka, kwamba kama kuna ndugu wa kuitwa, waitwe.

Ndipo mimi na Neema tukakosana. Nilimwambia ampigie simu Godwin. Alikuwa ananikanda uso kwa kitambaa cha maji. Akaacha. Akasema, taratibu, kama anayehesabu mishono:

"Baba, usinifanyie hivyo."

Nikamuuliza nimemfanyia nini. Kumwita kaka yake ni kosa?

"Wewe ulimwambia mjomba umejua. Sisi sote tukatii. Mimi nimetii mpaka nimechoka. Lakini usinitume nimpigie simu."

Akatoka na beseni. Nilimsikia akimwaga maji uani, kisha akilia kwa namna ya watu wazima, bila kutaka kusikika.

Sikumfuata, sawa, sina miguu. Lakini pia sikuuliza. Aliporudi hakuwa na jambo la kuficha. Lilikuwa pale usoni mwake, likingoja swali moja tu. Ningeweza kusema: mmetii nini? Maneno mawili. Mimi ambaye niliwachapa vijana wa chuo kwa maneno makali kwa sababu waliogopa kuuliza, nilimwambia Neema chai haina tangawizi.

Nilikuwa namwona Neema kuwa mkavu. Miaka yote hii nimesema moyoni kwamba binti huyu anatunza mwili wangu vizuri na mimi mwenyewe hanipendi. Leo sijui tena nani mkavu ndani ya nyumba hii.

Aprili 18

Jua. Mpunga umepona.

Aprili 26

Nafuu kidogo. Naweza kuketi barazani. Wadudu wa ziwani wamekuja tena, wamesimama hewani kama moshi wa moto usiokuwepo. Lusungu alisema watu wa ng'ambo huwakusanya, huwakaanga kama andazi. Nikasema na huku pia zamani. Akasema Babu wa Kasumulu bado anakula. Nikamuuliza kama Babu wa Kasumulu hunitaja. Akasema hunitaja. Nikamuuliza husema nini. Akasema ni mambo ya wazee, akaondoka kwenda kuanika kakao.

Mei 2

Leo nitaandika hata kama mkono utachoka.

Lusungu alikuwa ananisaidia kuchambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia kwamba kuna kitendawili kimenishinda tangu yeye akiwa mdogo. Sijawahi kumwambia mtu yeyote neno hilo, kunishinda. Nilikisema: alitoka mkubwa, amerudi mdogo. Nikamtajia majibu yangu yote, hata la mgombea, naye akacheka hapo. Nikamweleza pia kwa nini kila moja lilikosea.

Vidole vyake viliendelea kusogeza chuya pembeni. Akauliza:

"Babu, mbona unatafuta kitu kinachopungua?"

Nikamwambia kwa sababu kimepungua. Kilitoka kikubwa, kimerudi kidogo.

"Hakijasema hivyo." Hakuniangalia. "Kimesema alitoka mkubwa. Halafu kimesema amerudi mdogo. Labda ni wawili."

Niliona ungo mzima ukielea. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mwalimu tu, na mwalimu yule alifurahi. Kumbe hivyo! Nilidhani kitendawili kina mtu mmoja kwa sababu kina mdomo mmoja. Nimefundisha vijana kwamba hatua ya hatari katika hesabu si ile unayoikosea, ni ile usiyoiandika kwa sababu unaiona dhahiri. Na hatua niliyokuwa siiandiki ni hiyo: kwamba aliyetoka ndiye aliyerudi. Hakuna aliyesema. Niliiweka mwenyewe, kisha nikajenga juu yake majibu ya miaka.

Furaha ile ilikatika kama ilivyokuja. Lusungu alikuwa ameacha kuchambua. Alikuwa ananitazama sasa, akingoja, na uso wake haukuwa wa mtoto aliyefumbua jambo. Ulikuwa wa mtoto aliyekuwa analijua muda wote na ameambiwa asiwe wa kwanza kulisema.

Nikamwambia jua limekuwa kali, anisaidie kuingia ndani.

"Ndiyo, Babu," akasema. Akanishika mkono.

Mei 3

Sikutoka kitandani.

Mei 4

Vivyo hivyo. Kasian anasema mapigo ni afadhali. Siyo mapigo.

Mei 11

Najaribu kufikiri kwa utaratibu, kama ubaoni.

Kama ni wawili, basi kuna mmoja aliyetoka na hakurudi, na kuna mwingine aliyekuja mahali pake. Zebedayo alinitegea siku za msiba. Alikuja msibani ameshika mkono wa mtoto wa kike ambaye hakuwa ameanza shule. Alisema ni mjukuu. Hakusema wa nani.

Hapa chaki inavunjika. Kila nikifika mstari huu natafuta dawa zangu, au nauliza saa, au nakumbuka kwamba madirisha hayajafungwa. Nimeanza kujichunguza kama ninavyomchunguza mwanafunzi anayenakili. Ajabu ni hii: akili ile ile iliyopata daraja la Songwe kwa kutazama saa, ina uwezo sawa sawa wa kutunga sababu za kutopata. Na sababu hizo ni nzuri. Zina ubunifu. Sabuni, chaki, kakao, kivuli: yote hayo ni kazi ya akili hodari, na hodari huyo alikuwa analinda mlango.

Mei 19

Mpunga umeinama. Wiki chache utakatwa. Nimemwambia Neema amwite mjomba wake, aseme namwomba ashuke kwenye bajaji.

Neema alininyanyua kofia, akaniwekea mkono kipajini juu ya nyusi, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Hajafanya hivyo tangu awe mtu mzima.

Mei 24

Zebedayo amekuja. Nilimsikia akibishana na dereva, kisha fimbo yake kwenye saruji. Alisimama mbele yangu, mwembamba kuliko nilivyomwona dirishani, akanitazama kuanzia miguuni.

"Shemeji, umevimba kama kambale wa masika."

"Na wewe umekauka kama wa kiangazi. Keti."

Aliketi. Lusungu alileta ndizi na samaki, akapiga goti, akaondoka na Neema kwenda jikoni. Tulikula. Aliuliza dawa ninazokunywa, nikamtajia. Alisema na yeye anazo mbili kati ya hizo. Kisha nikamwambia.

"Nilikudanganya. Kile kitendawili cha msibani, sikukijua."

Hakukasirika. Aliweka mwiba wa samaki pembeni ya sahani, akaunyoosha kama kalamu. Halafu akanieleza, na naandika kwa kifupi kwa sababu hata yeye alieleza kwa kifupi. Juma lile Angetile alipofariki, mwanamke mmoja alifika Kasumulu kwa basi akitokea kusini, na mtoto, na habari. Mwanamke hakuwa na nguvu ya kufika Ikolo kwenye msiba mwingine. Sasa ameolewa Mzuzu. Zebedayo alizipokea habari zote mbili, mtoto na neno, akakaa nazo. Tabibu wa wakati ule alikuwa amemwonya kuhusu moyo wangu. Hakuweza kuniwekea msiba juu ya msiba. Basi akafanya tulivyozoea. Alidhani ningekibeba kitendawili polepole, na siku nitakapokuwa tayari nitakitamka mwenyewe, nimpokee mtoto, na watu walie.

"Ukaja ukaniambia umekijua," alisema. "Ukaniuliza habari za mpunga. Nikajiambia, basi, mwalimu amekataa. Nikamshika mtoto mkono tukarudi."

Nikasema kwamba sasa nalijua jibu. Jibu ni Lusungu.

"Hiyo ni nusu," akasema. "Huyo ni aliyerudi. Nani alitoka?"

Jikoni waliacha kuosha vyombo.

Zebedayo akasogeza kiti chake karibu mpaka magoti yetu yakagusana, na kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa vijana akasema:

"Nipe mji, shemeji. Nipe mji wowote, hata Ikolo. Nitakwenda, nitakusemea."

Nilitaka kutoa. Jina la mji lilikuwa limefika ulimini. Lakini nikafikiri kwamba mtoto wa huyo aliyetoka anasikiliza, na kwamba baba wa mtu hawezi kusemewa hili. Nikamwomba alale hapa, anipe hadi asubuhi. Neema alimtandikia sebuleni.

Mei 25

Baada ya chai niliwaita wote watatu barazani. Niliomba waninyanyue nisimame. Nilitamka jibu, nusu zote mbili, moja baada ya nyingine, kama kanuni inavyotaka. Neema alipiga kelele, na majirani wakaja mbio wakidhani ni mimi. Nikawaambia si mimi. Nimewaambia msiba uko hapa, umechelewa kwa sababu yangu, na Jumamosi tutalia. Zebedayo atawajulisha watu wa Kasumulu. Lusungu atabaki katika chumba cha baba yake. Hilo hakuna aliyelijadili.

Lusungu alipokuja kuniaga kwenda kuwaambia wenzake wa shule, hakulia. Aliniuliza kama nimechoka. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ndaga fijo, Babu," asante sana kama ya mtu aliyepewa kitu mikononi.

Sasa nimebaki peke yangu, nao wanapanga viti. Nina jambo moja la kuandika.

Jana nilimwambia Zebedayo kwamba sikukijua kile kitendawili, naye akanisamehe kwa ajili hiyo. Kurasa hizi zimeanza kwa maneno hayo hayo. Si kweli. Alipokitega, mtoto yule alikuwa ameketi mkekani mbele yetu na sahani ya wali. Alikuwa anakula kutoka pembeni, akizunguka sahani nzima polepole, akiiacha katikati iwe kilima, ili abomoe kilima mwisho. Nimemwona mtu mmoja tu duniani akila hivyo, na nilimpigia kelele mezani kwa sababu hiyo kila siku ya utoto wake. Zebedayo alikuwa bado hajafunga mdomo. Nilikuwa nimeshakijua. Nilijua nikimtamka mdogo nitakuwa nimemtamka mkubwa, na nikaona kwamba kitendawili kikiendelea kuwa kitendawili, yeye anaendelea kuwa Afrika Kusini. Nikaomba maji ya kunywa, nikaanza kutafuta sabuni.

Mwanangu Godwin amekufa. Nimelijua hilo tangu siku ile ile, na nimemwacha miaka yote hii bila kuliliwa.